Irabu Haikunjwi

Siku hizi ukitaka kumsifia mwimbaji mbele za watu unataja oktavu. Huyu ana tatu, yule ana nne, kuna mmoja eti ana sita. Waimbaji wanapangwa kwenye orodha kama wafungaji wa ligi, na mabishano yanaishia hapo: mwenye namba kubwa ndiye mkali. Kwa mashabiki wa roki ugonjwa huu umekomaa, na kwa wale wa roki iliyokuja baada ya grunji, ile ambayo huitwa posti-grunji, umekuwa donda ndugu. Nimewasikia vijana wa hapa Morogoro, watu wenye shahada zao, wakigombana nusu saa nzima kuhusu noti ya juu kabisa aliyowahi kuifikia mwimbaji wa Florida ambaye huenda hawatamwona maishani.

Mwimbaji huyo ni Scott Stapp wa bendi ya Creed. Nitamzungumzia, lakini sitamzungumzia peke yake. Mji wetu huu, mji kasoro bahari, uliwahi kuwa na sauti zilizosikika kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi bila mtu kuzihesabia oktavu, na nadhani ukimsikiliza Stapp ukiwa na Mbaraka Mwinshehe sikioni unaelewa jambo ambalo namba hazikuambii.

Tuanze na hizo namba ili tuachane nazo. Aliyepita kwaya yoyote anajua oktavu ni nini: ni kutoka do ya chini hadi do ya juu yake. Sauti ya mwanaume asiyefundishwa huweza kutembea oktavu moja na nusu, mbili akijitahidi, bila kuhesabu ile sauti nyembamba anayoitoa akishaacha kutumia kifua. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, mwaka 1946, alisifiwa miaka mingi kuwa na oktavu nne. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walizichukua rekodi zake wakazipima. Oktavu nne hawakuziona. Walichokiona ni nusutoni 37, yaani oktavu tatu na kipande kidogo. Walipima pia sauti yake ya mazungumzo kwenye mahojiano wakakuta iko kwenye hezi 117 hivi, sauti ambayo ingemfanya mtu adhani ni baritoni, ile sauti ya mwanaume iliyo kati ya tena na besi. Lakini mtu huyo aliishi kwenye nyimbo kama tena. Umbali kati ya pale anapozungumzia na pale anapoimbia ndiyo sehemu kubwa ya msisimko wake, na hakuna orodha ya oktavu inayoonyesha umbali huo.

Namba ya oktavu inakupa mipaka tu. Ni sawa na kulipima shamba la mtu kule Mgeta kutoka mpaka wa bonde hadi mpaka wa kilele, halafu ukaondoka bila kuuliza analima wapi. Huenda sehemu yote ya juu ni mawe. Mkulima mwenyewe yuko siku zote kwenye matuta mawili matatu ya katikati, na chakula chote kinatoka hapo.

Sasa Stapp. Creed walitoa albamu ya kwanza, My Own Prison, mwaka 1997, miaka mitatu baada ya kifo cha Kurt Cobain, wakati grunji ya Seattle ilikuwa imeshaishiwa pumzi na kampuni za muziki zilikuwa zinatafuta kitu kinachofanana nayo lakini kisichotisha sana. Albamu ya pili, Human Clay ya 1999, iliuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake. Wimbo wao With Arms Wide Open ulimpa Stapp na mpiga gitaa Mark Tremonti tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa roki mwaka 2001. Wakati huohuo wahakiki wa kwao waliwacheka Creed kuliko karibu bendi yoyote ya zama zile, na kicheko chenyewe kililenga koo la Stapp. Walisema anamwigiza Eddie Vedder wa Pearl Jam. Walisema anaimba kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Kicheko kile kilikuwa na ukweli ndani yake, lakini kilipita juu ya jambo lenyewe. Sauti ya Stapp kama sauti ni nzuri: nzito, pana, ina kifua, haiyumbi. Upo utaalamu pia katika jinsi inavyotumiwa. Yeye ni baritoni, na nyimbo za Creed zinamweka chini kwenye beti, mahali pake pa kupumzikia, halafu kwenye kiitikio zinampandisha hadi pale ambapo tena angekuwa anatembea tu lakini baritoni anabeba. Tofauti hiyo ndiyo inayouzwa. Noti yenyewe si ya juu sana. Msichana wa sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia anaipita akiwa anapiga miayo. Ila ukimwona mtu anapandisha gunia la mkaa kwenye mlima hupimi urefu wa mlima, unautazama mgongo wake. Kiitikio cha Creed kinafanya kazi namna hiyo: unausikia uzito.

Ndipo linapokuja suala la irabu. Ili baritoni apande na kifua chake bila sauti kupasuka, njia moja ni kuishusha koo, kuurudisha ulimi nyuma na kuyafanya mashavu kama pango. Sauti inakuwa nyeusi zaidi, nene zaidi, na inavuka salama. Gharama yake ni kwamba irabu zote zinaanza kufanana. Aa inaelekea kuwa oo, ii inaelekea kuwa ee yenye giza, na mwisho wa neno panaota kitu kama ra ambacho hakikuwepo kwenye tahajia. Vedder aliyafanya haya kwenye Ten ya 1991 na kwake yalikuwa na aibu fulani, kama mtu anayesema jambo zito huku ameinamisha kichwa. Stapp aliyachukua akayasimamisha wima, mikono ameitandaza. Baada yake wakaja wengine wengi, redio za Marekani zikajaa wanaume walioimba kwa umbo lilelile la mdomo, kila mmoja akilia kwa machozi ya jirani yake. Kufikia 2001, Nickelback walipotoka na How You Remind Me, Chad Kroeger alikuwa ameongeza mkwaruzo mzito juu ya umbo hilo na mtindo ukawa umekamilika: kunja irabu, kwaruza koo, panda kwenye kiitikio.

Ninachokisikia mimi humo ni kujikaza. Tumekuzwa na neno hilo, sisi wanaume hasa. Msibani, hospitalini, ukifeli mtihani, unaambiwa jikaze. Taya la mwimbaji wa posti-grunji ni taya la mtu anayejikaza huku akitaka uone kwamba anajikaza. Halii, na hakuachi usahau kwamba angeweza kulia. Kwa kijana wa kiume hicho ni kitu chenye mvuto mkubwa sana, na sioni sababu ya kumcheka anayevutwa nacho. Kinampa ruhusa ya kuumia bila kuonekana ameshindwa.

Kama mtu bado anaamini kwamba upana wa sauti ndio unaoamua, historia ilifanya jaribio zuri. Creed walivunjika mwaka 2004. Tremonti na mpiga ngoma Scott Phillips walibaki pamoja, wakaungana tena na mpiga besi wao wa zamani Brian Marshall, wakamchukua Myles Kennedy, wakajiita Alter Bridge na mwaka huohuo wakatoa albamu. Wapigaji ni walewale, magitaa ni yaleyale, mtunzi mkuu wa muziki ni yuleyule. Kilichobadilika ni koo. Na Kennedy kwa kipimo chochote cha mwalimu wa sauti ni mwimbaji mkubwa kuliko Stapp: tena mwepesi, anapanda anakotaka, anaingia na kutoka kwenye sauti ya kichwani bila mshono kuonekana. Wanamuziki wanamheshimu kweli. Lakini Alter Bridge hawajawahi kuuza kama Creed walivyouza, na sidhani ni suala la bahati tu. Kennedy anapofika kule juu huoni gunia. Amefika, basi. Unamshangaa, humhurumii.

Morogoro nayo iliwahi kufanya jaribio kama hilo, miongo minne kabla. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Alikuwa na sauti nyepesi, yenye tabasamu, iliyojifunza mwendo wake kwenye santuri za Kuba; inasimuliwa kwamba ujanani alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba yenyewe na akaishia Mombasa. Bendi ikabaki na Juma Kilaza. Haikufa. Kilaza aliiongoza miaka mingi na watu waliendelea kucheza. Lakini muulize mzee wa Morogoro aliyekuwepo, hatakuambia nani alipanda juu zaidi. Atakuambia Salum alikuwa anakuchekea, hata akikusema.

Naye Mbaraka. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaenda nayo Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, akaiacha mwaka 1973 kuunda Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa akiwa na miaka 34. Anakumbukwa zaidi kwa gitaa, na ni haki. Ila ukikaa na nyimbo zake kwa ajili ya sauti tu, unagundua kitu cha ajabu kidogo: sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika ndani ya oktavu moja na ushee. Sauti yake ni ya kati kuelekea juu, haina giza, haina mtetemo wa makusudi, na mara nyingi ina mwenzake wa pili anayetembea hatua mbili chini yake kama watu wanaorudi sokoni pamoja. Hapandi kukuonyesha kwamba amepanda. Kwenye Shida, wimbo wa malalamiko kama jina lake, anaimba kama mtu aliyekaa kwenye kigoda anakueleza hali. Alipomwimbia Dokta Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa Krismasi ya 1971, hakupaza. Sauti inatoa taarifa ya msiba kama mjumbe wa nyumba kumi anavyotoa, kwa utaratibu, ili kila mtu apate jina la marehemu vizuri.

Basi maumivu yako wapi? Yako kwenye gitaa. Maneno yakiisha, wimbo ukifika kwenye chemko, gitaa linapanda mahali ambapo koo lilikataa kwenda, linarudia noti moja mara nyingi kama mtu anayeuliza swali lilelile, linakaa huko dakika mbili tatu. Mimi naliona gitaa hilo kuwa oktavu yake ya pili. Kile ambacho Stapp anakifanya kwa kifua kilichopanda, Mbaraka alikigawa: neno kwa mdomo, kilio kwa nyuzi. Ndiyo maana maneno yake hayajawahi kuumizwa.

Sababu nyingine ni za kawaida kabisa. Bendi za wakati ule zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam wote wakipiga kwa pamoja, bila anasa ya kurudia sauti peke yake baadaye, na wimbo ukaenda kusikilizwa kwenye redio ya mkulima yenye spika ndogo kama kisahani, shambani, upepo unapiga. Mtu aliyeimba bila kusikika neno alikuwa amepoteza mafuta. Wimbo ulikuwa habari, onyo, barua kwa mpenzi, tangazo. Sauti nyeusi, nene, ingeishia ndani ya spika ile kama uji.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ni Kiswahili chenyewe, na hapa ndipo vijana wanaotaka kuimba roki kwa lugha yetu wanapaswa kusimama kidogo. Kiingereza kina irabu zaidi ya kumi na kina konsonanti zinazofunga maneno. Ukikunja irabu ya neno la Kiingereza, msikilizaji bado ana mifupa ya kushikilia, atabahatisha. Kiswahili kina irabu tano, na karibu kila silabi inaishia kwenye mojawapo. Chukua penda. Badilisha irabu moja tu: panda, pinda, ponda, punda. Ni maneno matano tofauti, yote ya kila siku, na kinachoyatenganisha ni umbo la mdomo. Sasa mpe mwimbaji aliyejifunza kwa Stapp amwimbie msichana kwamba anampenda, kwa mdomo wa pango, kwenye noti ya juu. Msichana atasikia anapondwa. Au anapandwa, na hapo kuna mazungumzo na kaka zake.

Si utani tu. Hapa Mzinga, kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa, kuna vijana wanne wanaofanya mazoezi jioni, gitaa mbili, besi, ngoma za kukopa. (Mzinga, kwa asiyejua, ni wa nyuki na ni wa vita; kwa kelele zao majirani wameshachagua maana.) Mwimbaji wao ni baritoni halisi, aliyeimba besi kwenye kwaya tangu kidato cha kwanza. Nyimbo za Creed anaziimba vizuri hadi unashtuka. Walipoanza kutunga za kwao kwa Kiswahili alihamisha kila kitu, koo, taya, ulimi, na wimbo uliohusu mama yake aliyeuza mboga ili asome ukawa haueleweki. Niliusikia mara tatu kabla ya kujua kwamba ni wa mama. Maneno yalikuwa mazuri, ya kuumiza, na yalikuwa yamefungwa ndani ya taya. Nilipomwomba ayaseme tu bila kuimba, chumba kizima kilinyamaza. Yule wa ngoma alikuwa hajawahi kuyasikia na amepiga wimbo ule miezi miwili.

Swali lake kwangu lilikuwa la haki: kwa hiyo mtu mwenye sauti nzito asiimbe roki kwa Kiswahili? Aache? Awaachie wenye sauti nyembamba za Bongo Fleva?

Jibu la kwanza ni Marijani Rajabu. Jabali la Muziki, wa Safari Trippers kisha Dar International, aliyefariki 1995. Sauti ya Marijani ni nzito, ina kivuli, inakaa chini kwa raha, na kila irabu iko mahali pake kama meza iliyoandaliwa. Sikiliza Zuwena. Uzito wa sauti unaletwa na kifua, mdomo umeachwa wazi ufanye kazi yake. Marijani hapandi kama Stapp, kweli. Nyimbo zake hazimpeleki kwenye ukingo. Anatulia kwenye matuta yake ya katikati na huzuni inamfuata huko. Kwa hiyo anathibitisha nusu tu: kwamba baritoni anaweza kuwa mweusi bila kuwa na giza mdomoni. Hathibitishi kwamba anaweza kukwaruza na kubeba gunia.

Kwa hilo turudi kwa watafiti wa 2016. Walitaka kujua mkwaruzo wa Mercury unatoka wapi, na kwa kuwa mwenyewe alishafariki 1991, walimtumia mwimbaji wa roki aliyeweza kumwiga, wakapitisha kamera kooni inayopiga picha zaidi ya elfu nne kwa sekunde. Waliona kwamba pamoja na nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine juu yake, ambayo kwenye mazungumzo ya kawaida haitumiki, ikitetemeka kwa mwendo wake wa polepole zaidi. Mkwaruzo wa aina ile unaanzia hapo, kooni. Irabu inaumbwa mbele, kwa ulimi, taya na midomo. Hivi ni vyumba viwili tofauti. Stapp na wenzake wametuzoesha kuvisikia pamoja hadi tukadhani ni chumba kimoja, lakini hakuna sheria ya mwili inayosema ukikwaruza lazima ukunje.

Na ushahidi tunao nyumbani, ila hakuna aliyeuita roki. Bi Kidude. Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyeondoka Aprili 2013 akiwa bibi wa umri ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha. Alirithi nyimbo za Siti binti Saad na akazipitisha kwenye koo ambalo lilikuwa limekwaruzika kama jiwe la kusagia. Sauti ile haikuwa safi hata kidogo. Ilipasuka, ilinguruma, ilipiga kelele juu ya ngoma ya unyago kwa nguvu ambayo waimbaji wengi wa roki wanaiomba Mungu. Na ndani ya mkwaruzo wote huo hupotezi irabu. Aa yake ni aa. Unasikia uchakavu wa koo na unasikia neno, vyote viwili, bila kimoja kumlipia mwenzake nauli. Nilimpa kijana wetu rekodi zake, naye akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

Kuna kitu kingine pia ambacho Kiswahili kinampa mwimbaji wa roki bure. Waimbaji wa Kiingereza wanahangaika mwisho wa mstari: neno linaishia kwa konsonanti, noti ndefu inataka irabu, ndipo wanaibuni ile ra ya kinywani. Mstari wa Kiswahili karibu siku zote unaishia kwa irabu iliyo wazi, na kabla yake kuna silabi yenye mkazo, ya pili kutoka mwisho, inayoomba kuvutwa. Mbaraka anaivuta ile, kisha anaiachia ya mwisho ianguke yenyewe. Hapo ndipo mahali pa kupandia. Kijana wa Mzinga alikuwa anavuta silabi ya mwisho, kama Stapp, na neno lilikuwa linabadilika kiimbo hadi likasikika la mgeni aliyesoma Kiswahili chuoni. Alipojaribu kuhamishia gunia lake kwenye silabi ya kabla ya mwisho, taya lililegea lenyewe. Sijui kama alitambua.

Walishusha wimbo kwa toni moja na nusu ili kiitikio kimkute akiwa bado na mdomo. Bado anabeba, bado unausikia mgongo wake, lakini sasa unajua amebeba nini: ni kapu la mchicha na ni la mama yake. Sitasema ni wimbo mkubwa. Beti la pili ni refu mno na kuna mstari unaofanana na mahubiri. Lakini ni wa kwao.

Kilichobaki ni magitaa. Kwenye posti-grunji magitaa yaliyochafuliwa sauti yanaingia kwa unene wote palepale mwimbaji anapopanda, na yanakalia eneo lilelile la masikio ambalo irabu zinahitaji. Mwimbaji hana budi kusukuma zaidi, na akisukuma anakunja. Gitaa la Mbaraka linafanya kinyume: linamsubiri amalize sentensi, linajibu, linanyamaza tena, hadi chemko lifike na uwanja uwe wake. Nilimwomba mpiga gitaa wa kwanza wa vijana wale ajaribu hivyo kwenye kiitikio kimoja tu, apige mwimbaji akivuta pumzi, asipige akiimba. Aliniangalia kama mtu niliyemwambia auze gitaa anunue mbuzi. Alisema atafikiria.